Kibao cha Kukunjia Waya: Nyota na Mwezi wa Taa za Sikukuu



Sikukuu ina mapambo yake. Krismasi inapokaribia, Wakristo hutundika nyota mlangoni na kanisani. Mfungo wa Ramadhani unapokwisha, Waislamu hutazama angani kutafuta mwezi mwandamo. Usiku wa Maulidi misikiti mingi hung'arishwa kwa taa. Tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru, bendera hupepea na ofisi ya kijiji hupambwa.

Mapambo ya taa yanapendeza, lakini mara nyingi hununuliwa dukani kwa bei kubwa. Mengi yametengenezwa kutumia umeme wa nyumba wa volti 230. Kwa hiyo mtu asiye na umeme huo huvuta waya mwembamba kutoka kwa jirani. Waya hupita juu ya njia, juu ya paa la bati, au kwenye majani mabichi yenye umande. Hapo sikukuu inaweza kugeuka msiba. Umeme wa volti 230 unaua.

Somo hili linafundisha njia nyingine. Utajifunza kutengeneza kifaa cha bei nafuu kiitwacho kibao cha kukunjia. Kwa kifaa hiki kikundi chenu kitaweza kutengeneza nyota nyingi za waya, zote za umbo moja na kipimo kimoja. Kisha utajifunza kuzifunga taa ndogo zinazotumia betri ya volti 12, na kupiga hesabu ya umeme ili betri ya nyumbani isiharibike.

Taa za sikukuu zilianzaje?

Zamani huko Ulaya watu walifunga mishumaa kwenye matawi ya mti wa Krismasi. Moto wa mshumaa ulishika majani makavu na nyumba ziliungua. Mwaka 1882 mjini New York, nchini Marekani, Edward Johnson alipamba mti wake kwa balbu 80 za umeme za rangi nyekundu, nyeupe na bluu. Johnson alikuwa mshiriki wa Thomas Edison katika kazi za umeme.

Balbu za zamani zilikuwa na waya mwembamba ndani. Waya huo ulipata moto mpaka ukatoa mwanga. Sehemu kubwa ya umeme iliishia kuwa joto tu. Siku hizi tuna vitaa vidogo viitwavyo ledi. Ledi haina waya wa kuungua, na hutumia umeme kidogo. Mwaka 2014 wanasayansi watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kuvumbua ledi ya bluu yenye mwanga mkali. Uvumbuzi huo ndio uliowezesha kutengeneza ledi nyeupe. Kwa sababu ya ledi, betri ndogo ya sola inaweza leo kuwasha nyota ya sikukuu.

Kwa nini tutengeneze kibao kwanza?

Mtu anaweza kukunja nyota moja kwa mkono bila kibao. Lakini nyota ya pili haitafanana na ya kwanza. Ncha moja itakuwa ndefu, nyingine fupi. Mnunuzi ataona kasoro na kupunguza bei. Tena kila nyota itabidi ipimwe upya, na muda utapotea.

Ukiwa na kibao, unapima mara moja tu. Kipimo kinabaki kwenye misumari. Kila atakayezungusha waya atapata nyota ileile, hata kama hajui kutumia rula. Lakini kumbuka jambo hili: kibao kikikosewa, kila nyota itakosewa. Kwa hiyo usione haraka wakati wa kupima.

Vitu vinavyotakiwa kwa kibao

1. Ubao mkavu wa mraba, sentimeta 50 kwa sentimeta 50, wenye unene wa sentimeta 5. Unaweza kuunganisha vipande viwili vya mabaki ya fundi seremala.
2. Misumari 10 ya inchi 3.
3. Nyundo, msumeno wa chuma, tupa na koleo. Wengine huita koleo plaisi.
4. Rula au futi kamba, penseli, na fito mbili nyembamba zilizonyooka.

Vifaa vya namba 3 si lazima mnunue. Muombeni fundi baiskeli au fundi seremala awaazime kwa siku moja.

Hatua ya kwanza: Chora duara

Chukua ufito mmoja. Toboa matundu mawili madogo. Kutoka tundu moja hadi jingine iwe sentimeta 20 na milimita 6. Pigilia msumari mdogo katikati ya ubao, kisha vika tundu moja la ufito kwenye msumari huo. Ingiza ncha ya penseli katika tundu la pili, uzungushe mpaka duara likamilike.

Usitumie uzi kuchorea duara. Uzi hunyooka ukivutwa, na duara lako litapinda. Ufito hauvutiki.

Hatua ya pili: Gawanya duara sehemu tano

Kata ufito wa pili uwe na urefu wa sentimeta 24 na milimita 2. Huu ndio ufito wa kupimia. Weka alama ya kwanza mahali popote kwenye mstari wa duara. Weka mwanzo wa ufito kwenye alama hiyo, na mwisho wake uguse tena mstari wa duara. Hapo weka alama ya pili. Endelea hivyo. Ukipima mara tano unapaswa kurudi palepale ulipoanza.

Je, ukipita alama ya kwanza? Piga hesabu. Tuseme umezidi kwa milimita 10. Kosa hilo limetokana na vipimo vitano. Basi 10 gawanya kwa 5 ni 2. Ufito wako ni mrefu mno kwa milimita 2. Upunguze, ufute alama, upime tena. Kama hukufika alama ya kwanza, ufito ni mfupi. Kata mwingine mrefu kidogo.

Hatua ya tatu: Chora nyota

Sasa una alama tano. Zipe namba 1, 2, 3, 4 na 5 kwa kufuata duara. Kwa rula, chora mstari kutoka 1 hadi 3, kisha 3 hadi 5, 5 hadi 2, 2 hadi 4, na 4 hadi 1. Utaona nyota imetokea. Mahali mistari inapokatana pana kona tano za ndani. Zipe herufi. Kona iliyo kati ya 1 na 2 iite A. Kati ya 2 na 3 ni B, kati ya 3 na 4 ni C, kati ya 4 na 5 ni D, na kati ya 5 na 1 ni E.

Pima kutoka ncha 1 hadi kona A. Upate sentimeta 15. Pima pande zote kumi. Tofauti ya milimita 1 au 2 si neno. Tofauti ikiwa kubwa zaidi, rudia hatua ya pili kabla hujagusa nyundo.

Hatua ya nne: Pigilia misumari

Pigilia msumari mmoja katika kila ncha na kila kona ya ndani. Usimame wima kabisa. Uingie kwenye ubao sentimeta 4 na nusu. Kisha kata kichwa cha kila msumari kwa msumeno wa chuma, ubakize kama sentimeta 2 juu ya ubao. Unapokata, funika kichwa cha msumari kwa kitambaa ili kipande kisiruke na kuingia jichoni. Lainisha sehemu iliyokatwa kwa tupa.

Kwa nini tunakata vichwa? Vikibaki, nyota ikishakunjwa haitatoka.

Kibao sasa ni tayari. Andika juu yake jina la kikundi na urefu wa waya: sentimeta 160.

Kukunja nyota

Tumia waya laini wa fensi wenye unene wa milimita 2 na nusu hadi 3. Waya wa kufungia nondo ni mwembamba mno. Nyota yake italegea. Kata waya wa sentimeta 160. Pande kumi za nyota ni 10 mara 15, yaani sentimeta 150. Sentimeta 10 zinazobaki ni za kuungia.

Usianzie kwenye ncha. Anzia katikati ya upande, kati ya kona E na ncha 1, ili kiungo kiwe mahali paliponyooka. Pitisha waya nje ya msumari namba 1. Uulete kwenye kona A, uupitishe upande wa ndani, yaani kati ya msumari na katikati ya nyota. Kisha nje ya msumari 2, ndani ya B, na kuendelea. Kanuni yake ni fupi: kwenye namba pita nje, kwenye herufi pita ndani.

Kila unapofika kwenye msumari, vuta waya kwa koleo na uugonge kwa nyundo taratibu. Waya hupenda kurudi nyuma, kwa hiyo ukunje kupita kiasi kidogo. Ukimaliza, laza ncha mbili za waya pamoja na uzifunge kwa waya mwembamba. Ingiza bisibisi chini ya nyota, uinue kidogo kila upande mpaka itoke.

Kununua taa: soma kwanza lebo

Wengi wenu mmeona utepe wa taa unaofungwa kwenye pikipiki na bajaji. Huo ndio tutakaotumia. Huuzwa katika maduka ya vipuri vya pikipiki na maduka ya umeme. Mara nyingi gombo moja lina meta 5.

Hapa ndipo kisomo chako kinapolinda fedha yako. Kabla ya kulipa, soma lebo.

Alama 12V maana yake ni volti 12. Hii ndiyo tunayotaka. Ukiona 220V au 230V, usinunue kwa kazi hii.

Alama W/m maana yake ni wati kwa kila meta. Utepe wa umeme kidogo huandikwa 4.8W/m. Utepe mwingine huandikwa 14.4W/m. Kwa macho zote ni tepe tu, lakini wa pili hutumia umeme mara tatu zaidi ya wa kwanza. Mtu asiyesoma lebo atamaliza betri kabla sikukuu haijaanza kunoga.

Chagua utepe wenye vitaa 60 kwa meta, 4.8W/m, uliofunikwa kwa plastiki laini ya kuzuia maji. Juu yake kuna alama ya mkasi kila baada ya sentimeta 5, yaani kila baada ya vitaa vitatu. Kata kwenye alama hiyo tu. Ukikata mahali pengine, vitaa vya kipande hicho havitawaka.

Sasa utaelewa kwa nini upande wa nyota ni sentimeta 15. Sentimeta 15 ni vipande vitatu vya sentimeta 5. Kwa hiyo kila kona ya nyota inaangukia kwenye alama ya mkasi, mahali pasipo na kitaa. Hapo utepe unaweza kukunjwa bila kuvunja kitaa.

Kufunga taa

1. Kata utepe wa sentimeta 150. Gombo la meta 5 litatoa tepe tatu, na sentimeta 50 zitabaki.
2. Anzia kwenye kona E. Laza utepe juu ya waya wa nyota, vitaa vikitazama nje. Gundi ya utepe huachia kwenye joto. Kwa hiyo funga kila sentimeta 5 kwa uzi wa nailoni. Usifunge kwa waya mtupu.
3. Kwenye kona kunja polepole, usiminye kwa koleo.
4. Kwenye mwanzo wa utepe kuna alama ya kujumlisha na ya kutoa. Waya mwekundu uende kwenye kujumlisha, na mweusi kwenye kutoa. Kama utepe hauna nyaya zake, mpelekee fundi redio auunge kwa lehemu.
5. Funika miisho yote miwili kwa tepu nyeusi ya umeme. Shaba ya utepe isiguse kabisa waya wa nyota.
6. Waya wa kwenda kwenye betri uwe wa nyuzi mbili, wenye namba 0.75. Weka swichi kwenye waya mwekundu.
7. Kwenye waya huohuo mwekundu, shibiri moja tu kutoka kwenye betri, weka fyuzi ya ampea 5.

Usiache kuweka fyuzi. Watu husema betri ya volti 12 haina madhara kwa sababu hairushi mtu. Ni kweli kwamba haimrushi mtu. Lakini nyaya zake mbili zikigusana, betri hutoa umeme mwingi kwa ghafla. Waya huwa mwekundu kama kaa la moto, na plastiki yake huwaka. Chini ya paa la nyasi au makuti, huo ni moto wa nyumba nzima. Fyuzi hukatika kwanza na kuokoa nyumba. Ikikatika, tafuta nyaya zilipogusana. Usiiunge kwa kipande cha waya.

Hesabu ya betri

Nyota moja ina utepe wa meta 1 na nusu. Wati 4.8 mara 1.5 ni wati 7.2. Gawanya wati kwa volti: 7.2 gawanya kwa 12 ni ampea 0.6.

Tuseme mnawasha nyota kutoka saa 1 usiku hadi saa 5 usiku. Hizo ni saa 4. Ampea 0.6 mara saa 4 ni ampea-saa 2.4. Hicho ndicho chakula cha nyota moja kwa usiku mmoja.

Betri ndogo ya sola ya aina ya risasi na asidi inaweza kuwa ya ampea-saa 20. Usitumie zaidi ya nusu yake, yaani 10. Betri ya aina hii ikimalizwa mara kwa mara hufa mapema. Nyota 2 zitakula ampea-saa 4.8. Zitabaki 5.2 za taa ya kulia chakula, simu, na mtoto anayesoma. Nyota 4 zitakula 9.6. Hapo nyumba itabaki gizani, au betri itaumia.

Na ule utepe wa 14.4W/m? Nyota moja tu itakula ampea-saa 7.2 kwa usiku mmoja. Sasa unaona gharama ya kutosoma lebo.

Jambo moja tusisitize. Betri ya zahanati si ya sikukuu. Hata kama ni kubwa, na hata kama mkuu wa zahanati ni ndugu yako, usiiazime. Usiku wa sikukuu mama anaweza kushikwa na uchungu wa uzazi. Mkunga anahitaji mwanga kuliko sisi tunavyohitaji mapambo.

Kutundika kwa usalama

Tundika nyota chini ya upenu ili mvua isiipige moja kwa moja. Usiifunge kwenye nguzo ya umeme, wala karibu na nyaya za umeme. Usipitishe waya chini ardhini watu wanapopita. Betri ikae mahali penye hewa, mbali na jiko na mbali na watoto. Mtu mmoja akabidhiwe kazi ya kuzima kabla ya kulala.

Kibao cha mwezi

Kwa Idi, tengeneza kibao cha pili. Chora duara la kwanza kwa ufito wenye matundu yaliyoachana sentimeta 15. Kutoka katikati ya duara hilo, pima sentimeta 6 kuelekea kulia, upigilie msumari mdogo. Hapo chora duara la pili kwa matundu yaliyoachana sentimeta 12. Maduara yatakatana mahali pawili. Hizo ni pembe za mwezi. Mwezi wenyewe ni ile sehemu ya kushoto iliyo ndani ya duara kubwa na nje ya duara dogo. Kwenye tumbo utakuwa na upana wa sentimeta 9.

Pigilia msumari kwenye kila pembe, kisha kila baada ya sentimeta 5 juu ya mistari miwili inayozunguka mwezi. Kata waya wa sentimeta 120. Kwenye mgongo wa mwezi na kwenye pembe, waya upite nje ya misumari. Kwenye mstari wa duara dogo, upite kushoto ya misumari, upande wa tumbo la mwezi. Utepe wa sentimeta 110 unatosha.

Kibao ni mtaji

Sasa tupige hesabu ya fedha. Bei hizi ni za mfano tu. Badala yake andika bei za sokoni kwenu.

Kibao: mbao shilingi 5,000 na misumari shilingi 500. Jumla ni shilingi 5,500.

Nyota moja: waya wa fensi 600, utepe wa taa 4,000, waya wa umeme 1,800, fyuzi na kishikio chake 1,000, swichi 800, tepu, uzi na lehemu 300. Jumla ni shilingi 8,500.

Kama mtatengeneza nyota 11, gharama ya kibao itagawanyika: 5,500 gawanya kwa 11 ni shilingi 500 kwa kila nyota. Nyota moja itakuwa imegharimu shilingi 9,000. Mkiuza kwa shilingi 12,000, kila nyota inaacha shilingi 3,000. Nyota 11 zinaacha shilingi 33,000. Hiyo ni malipo ya mikono yenu na akiba ya kikundi.

Lakini kibao hakichakai upesi. Mkitengeneza nyota 110 kwa miaka kadhaa, 5,500 gawanya kwa 110 ni shilingi 50 tu kwa nyota. Kwa hiyo nyota iuzwe, lakini kibao kisiuzwe. Kikae kwa mtunza mali wa kikundi, mahali pakavu, misumari ikiwa imepakwa mafuta kidogo ili isishike kutu. Anayekiazima aandike jina lake na tarehe kwenye daftari.

Wakristo wakisaidia kukunja miezi ya Idi, na Waislamu wakisaidia kukunja nyota za Krismasi, kibao kitakuwa na kazi mara nyingi zaidi kwa mwaka. Umoja ni nguvu, na katika kazi hii umoja pia ni soko.

Maneno ya kukumbuka

Volti: kipimo cha nguvu inayosukuma umeme.
Ampea: kipimo cha wingi wa umeme unaopita katika waya.
Wati: kipimo cha umeme unaotumiwa na taa. Ni volti mara ampea.
Ampea-saa: kipimo cha umeme unaohifadhiwa katika betri.
Fyuzi: kiungo chembamba kinachokatika umeme ukizidi.

Maswali

1. Kwa nini ni vizuri kutumia ufito badala ya uzi wakati wa kuchora duara?
2. Ufito wa kupimia umezidi alama ya kwanza kwa milimita 15 baada ya vipimo vitano. Utaupunguza kwa milimita ngapi?
3. Eleza kanuni ya kuzungusha waya kwenye namba na kwenye herufi.
4. Kilo 1 ya waya wa milimita 3 ina urefu wa karibu meta 18. Itatoa nyota ngapi za sentimeta 160, na zitabaki sentimeta ngapi?
5. Juma ana betri ya ampea-saa 40. Hataki kutumia zaidi ya nusu. Kila usiku nyumba yake hutumia ampea-saa 10. Anaweza kuwasha nyota ngapi kwa saa 4?

Kazi ya kikundi

Nendeni dukani mkaombe kuona magombo mawili ya tepe za taa. Nakilini maneno na namba zote zilizo kwenye lebo. Darasani, kila mmoja aeleze ni utepe upi unaofaa na kwa nini. Kisha gawaneni kazi: wa kutafuta ubao, wa kuazima vifaa, wa kupima, na wa kuandika gharama katika daftari. Aliyepima asihakiki kazi yake mwenyewe. Mwingine apime tena kabla misumari haijapigiliwa.

Majibu ya hesabu

Swali la 2: milimita 3. Swali la 4: nyota 11, na zitabaki sentimeta 40. Swali la 5: nusu ya 40 ni 20, toa 10 za nyumba, zinabaki 10, gawanya kwa 2.4, anaweza kuwasha nyota 4.